Bahari Ni Yake, Nasi wa Milimani Tutaulizwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni Zaburi 95:5, linalotukumbusha kwamba bahari ni ya Bwana, naye ndiye aliyeifanya. Sisi wa Mbeya na Iringa tumezoea kuusoma mstari huu kana kwamba unawahusu ndugu zetu wa pwani peke yao. Naomba tuutazame upya, kwa maana naamini Bwana anatudai hesabu ya bahari hiyo tukiwa huku huku milimani.

Mataifa nayo yamehangaika na swali la mwenye bahari ni nani. Tarehe 1 Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, aliuomba Umoja wa Mataifa uitambue sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote kuwa urithi wa wanadamu wote. Mazungumzo yaliyofuata yalizaa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania imeuridhia, na ambao unaipa nchi ya pwani maili 12 za baharini kuwa eneo lake kamili na hadi maili 200 za ukanda wa kiuchumi. Maili hizo ndizo zinazotajwa sana. Mimi hunigusa zaidi kifungu cha 207, kinachozitaka nchi zitunge sheria za kuzuia uchafu unaoingia baharini kutoka nchi kavu, na mito imetajwa humo waziwazi. Kwa hiyo sheria ya bahari inapanda na mto mpaka mashambani kwetu.

Fuateni maji yenyewe. Vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere hushuka bonde la Usangu, vikapita kwenye mabanio yanayochepusha maji na mifereji ya mpunga, vikaingia kinamasi cha Ihefu, na kutoka hapo mto Ruaha Mkuu huenda kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na Rufiji. Delta ya Rufiji, iliyo mkabala na kisiwa cha Mafia, ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na katikati ya mizizi ile inayochomoza kwenye tope ndimo kamba wachanga wanamokulia. Mikoko hiyo huishi kwa maji ya chumvi yaliyochanganyika na maji baridi pamoja na udongo wa mto. Lakini tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko hubanana katika madimbwi ya matope yaliyosalia.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wenye nguvu ambao, wakiisha kunywa maji safi, waliyachafua kwa miguu yao yale yaliyobaki, na wenzao wakalazimika kunywa hayo. Hawakukemewa kwa kunywa. Wala mimi simlaumu mkulima wa Mbarali, huko Usangu, kwa kuwa mpunga wake unatulisha na kusomesha watoto wetu. Swali ni juu ya maji yanayoachwa yatiririke majarubani baada ya mavuno, mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vilivyolimwa hadi ukingoni mwa mto ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kuachwa kutoka ukingo huo, na pampu za dawa zinazosuuzwa kijitoni mtu akitoka kupulizia viazi au nyanya. Anayeyapokea hayo huko chini hatujui kwa jina, na nadhani ndiyo sababu dhambi hii hatuitubu kanisani.

Juma hili tuwaombee wanaosimamia bahari yetu pamoja na wavuvi wa Rufiji na Mafia. Tuziombee pia jumuiya za watumia maji katika mabonde yetu, na yeyote kati yetu aliye mwanachama asikose kikao kijacho cha kupanga zamu, akaulize hapo ni lini banio litafungwa ili mto uendelee na safari yake.