Jinsi nilivyofupisha sentensi zilizojaa "who" na "which"

Insha za Kiingereza za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Wete zilijaa "which is" na "who are" mpaka zikichosha kusoma. Kilichosaidia ni kuwazoesha kutazama neno linalofuata "who" au "which".

Likiwa "is", "are", "was" au "were", mara nyingi yote mawili hufutika. Kwa Beit al-Ajaib, jumba la masultani kule Unguja, "the palace which was built in 1883" inabaki "the palace built in 1883". Kikisalia kivumishi kimoja, kitangulize: "cloves which are dry" huwa "dry cloves". Akifuata mtendaji mwingine, futa "which" tu: "the cloves my uncle picked".

Kazi hasa ipo kwenye vitenzi vya kawaida. "People who live in Wete" huwa "people living in Wete", kwani kuishi kunaendelea. Lakini "the boy who broke the window" usiiguse! Tendo limeshapita, ukiandika "the boy breaking the window", msomaji anamwona mtoto yumo anavunja. Hapa nilikaa nao sana, na ningekaa tena.

"Whose" tuliiacha kama ilivyo. Insha za sasa zinasomeka kwa pumzi moja, nami nafurahi mno.