Udongo ndani ya mpira wa tangi: miaka yangu ya kuitunza XL125 nyumbani

Mwaka 2021 nilinunua Honda XL125S iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, kwa sababu shule ninayofundisha iko ng'ambo ya Lukozi nami ninaishi karibu na mji wa Lushoto, na barabara ya huko si ya kuichezea wakati wa masika. Ni pikipiki ya kiki peke yake, haina stata ya umeme, breki zake zote mbili ni za viatu, gurudumu la mbele ni la inchi 21 na la nyuma ni la inchi 18. Gurudumu hilo kubwa la mbele ndilo linaloipandisha juu ya mawe na kuivusha kwenye makorongo ambako bodaboda ya kawaida hugonga na kurudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba tairi la inchi 21 halikai kwenye kila duka la vipuri, na mimi langu huliagiza Tanga mapema, kabla la zamani halijaisha kabisa.

Sikuwa na nia ya kuwa fundi. Kilichonilazimisha ni ugonjwa mmoja uliodumu karibu miezi miwili. Pikipiki iliwaka vizuri asubuhi, ikapanda mlima bila kunung'unika, kisha baada ya nusu saa hivi ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu na kuzimika. Nikisimama dakika kumi kando ya barabara na kupiga kiki, iliwaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Nilimpelekea fundi. Mara ya kwanza alibadilisha plagi, mara ya pili akabadilisha koili, mara ya tatu akafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akaiosha, na kwa kuwa alisikia tepeti, yaani skrubu za kurekebisha pengo la valvu, zikilia, akazikaza hadi zikanyamaza. "Sikiliza mwenyewe, mwalimu," aliniambia huku akipiga resi, "injini imetulia kama mpya." Nilimlipa nikamshukuru, na kesho yake ikazimika kwenye kona ileile. Zaidi ya hapo ikapata ugonjwa wa pili ambao haikuwa nao kabla: ikishapata moto, ilihitaji kiki kumi au kumi na tano ndipo iwake.

Jibu la ugonjwa wa kwanza nililipata bila kulitafuta. Siku moja ilipozimika nilidhani petroli imekwisha, nikafungua mfuniko wa tangi mara moja badala ya kukaa kwenye jiwe kama nilivyozoea. Nikasikia hewa ikivutwa kuingia ndani, "fyuuu", kama mtu aliyeshusha pumzi. Petroli ilikuwepo, zaidi ya nusu ya tangi. Nikapiga kiki moja, ikawaka papo hapo bila kungoja zile dakika kumi. Ningeweza kushangilia na kuondoka, lakini kazi ya kufundisha sayansi imenizoesha kutoamini jambo lililotokea mara moja. Kesho yake nilikwenda na mfuniko umelegezwa kidogo, nikafika shuleni bila kuzimika. Siku iliyofuata niliufunga barabara, ikazimika. Siku ya tatu nikaulegeza tena, ikafika.

Mfuniko wa tangi langu una mpira mwembamba unaotoka juu na kuchomekwa kwenye tundu la nguzo ya usukani, na kazi yake ni kuingiza hewa ndani ya tangi kadiri petroli inavyopungua. Hewa isipoingia, petroli hushindwa kuteremka kwa uzito wake; kabureta hutumia kile kilichomo kwenye kibakuli chake, kisha injini hufa kwa kiu huku tangi limejaa. Ukikaa kando ya barabara, hewa hupenya polepole mahali penye ufa, petroli hushuka tena, nawe unadhani injini ilichoka ikapumzika. Niliuchomoa ule mpira, nikaupuliza, haukupitisha pumzi. Nikausukuma kwa njiti ya fagio, kikatoka kipande cha udongo mgumu mfano wa punje ya dengu. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wameona tundu hilo ni nyumba nzuri wakati pikipiki ilipokaa barazani likizo nzima. Hayo ndiyo yaliyokula plagi, koili na nauli zangu zote za daladala.

Baada ya hapo nilinunua seti ya spana kuanzia namba 8 hadi 19, bisibisi za nyota zilizo imara, pampu, na fila geji, yaani vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia pengo. Nilitenga pia daftari la kurasa 80. Kila ninachokigusa ninakiandika pamoja na tarehe na kilomita, na sharti nililojiwekea ni kubadilisha kitu kimoja, kuendesha angalau siku mbili, kisha ndipo nifikirie kitu kingine.

Kazi ya kwanza kuandikwa kwenye daftari hilo ilikuwa kuzirudisha tepeti mahali pake, maana ugonjwa wa kuwaka kwa shida injini ikiwa ya moto ulikuwa bado upo. Hii hufanyika injini ikiwa baridi, na mimi huifanya alfajiri ya Jumamosi kabla hata ya chai. Nilifungua vifuniko viwili vidogo vilivyo juu ya valvu, nikatoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, nikafungua kifuniko cha kushoto na kuuzungusha mhimili kwa spana, taratibu, huku jicho langu likiwa kwenye valvu ya kuingiza. Ilishuka, ikapanda, baada ya hapo ndipo nilipoitafuta alama ya T kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na mhimili, na kuisimamisha sawasawa na alama ya kwenye bodi ya injini. Mpangilio huu una sababu: alama ya T hutokea mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi ya injini, na mara moja kati ya hizo valvu zimekanyagwa, kwa hiyo anayepima hapo hupima uongo.

Kijitabu cha pikipiki yangu kinataka pengo la milimita 0.05 kwa valvu zote mbili. Ni wembamba ambao jicho halikusaidii, vidole ndivyo vinavyojua. Kibapa hakikuingia kabisa upande wa valvu ya kutolea moshi. Nililegeza nati, nikarudisha skrubu kidogo, nikaingiza kibapa, nikakaza hadi nikasikia kinakwama kidogo ninapokivuta, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Nilipokaza nati ya kufungia, skrubu ilizunguka nayo na pengo likapotea. Nilirudia mara nne kabla ya kugundua kwamba skrubu inashikwa kwa koleo wakati nati inakazwa, na kwamba baada ya kukaza lazima upime upya.

Ilipowaka ilikuwa na mlio mdogo wa tiki-tiki, ule ambao fundi aliuona ni ugonjwa. Sikumlaumu, kwa kuwa wateja wengi hulipia ukimya. Lakini chuma hurefuka kikipata moto, na valvu iliyoachwa bila pengo haifungi sawasawa injini inapochemka. Mgandamizo huvuja, kuwaka huwa shida, na ikiachwa muda mrefu valvu yenyewe huungua. Siku hiyo niliizima ikiwa ya moto mbele ya duka la Lukozi, nikapiga kiki mara mbili ikawaka.

Si kila kitu nilikifanya vizuri. Kwenye kabureta niliharibu vichwa vya skrubu mbili za kibakuli kwa sababu nilizungusha bisibisi kabla ya kuikandamiza kwa uzito wa mwili, na nikazibua jeti kwa waya wa chuma kama nilivyowahi kuona wengine wakifanya. Jeti ni kipande cha shaba kilichotobolewa kwa kipimo, na shaba ni laini; waya ulilipanua tundu, na kwa wiki tatu plagi ilitoka nyeusi kama masizi ya chungu na petroli ikaisha kabla ya Ijumaa. Hapa Lushoto tuko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Tanga, na mchanganyiko huelekea kuwa mzito wa petroli hata bila waya wangu. Nilinunua jeti nyingine, na tangu hapo huzibua kwa petroli safi na pampu ya upepo tu.

Sponji ya chujio la hewa ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko zote, hasa Januari na Februari, wakati malori ya mboga yanapoacha wingu la vumbi nyuma yao. Ninaiosha kwa maji ya sabuni, ninaiacha ikauke kivulini, ninaidondoshea oili kidogo na kuikamua kwa viganja bila kuisokota, maana ikisokotwa huchanika. Cheni huisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno iliyochakaa, kisha huiacha icheze kama sentimita tatu katikati, nikiipima mahali inapokaza zaidi. Ikikazwa sana ukiwa umesimama kando ya pikipiki, itakazika zaidi utakapoipanda na shokapu kushuka. Oili ni kama lita moja tu, na ndiyo hiyohiyo inayolainisha gia na klachi, kwa hiyo hununua yenye alama ya JASO MA, ambayo ni ya oili za pikipiki ambazo klachi yake huloa oili, kwa kuwa baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze. Oili chafu huchukuliwa na jirani anayepaka nguzo za banda lake dhidi ya mchwa.

Injini yenyewe sijawahi kuifungua, wala sina mpango huo. Ikifika siku ya ringi na pistoni nitampelekea fundi yuleyule, ambaye mikono yake kwenye kazi hiyo ni mizuri. Sasa hivi oili sili ya shokapu ya mbele, upande wa kulia, inatoa unyevu, na nimeshaiandika kwenye daftari ikingoja mzigo wa Tanga.

Mdomo wa mpira wa tangi nimeufunga kwa kipande cha chandarua na uzi. Nyigu alikuja mara mbili tatu, akauzunguka, akaondoka. Wiki iliyopita ufunguo wa stoo ulikataa kuingia kwenye kufuli, nami nikaenda moja kwa moja kutafuta njiti ya fagio.