Nimerudi home na mwenyeji wangu ni mchora kuta nisiyemjua

Watu wakirudi baada ya miaka mingi nje huwa wanalalamika, oo mji umebadilika, oo majengo mapya siyajui, na mi nilijiandaa kulalamika hivyo hivyo lakini kilichonikamata ni kuta. Kuna mtu anachora grafiti mji mzima na wakati naondoka hakuwepo, maana hizi njia nilikuwa nazipita kwa miguu kila siku, ningemuona. Sasa hivi siwezi kukata kona mbili bila kukutana naye. Jina lake la ukutani siliandiki hapa, baadhi ya hizo kuta hakuomba ruhusa ya mtu na sitaki kumchomea.

Unamjuaje kuwa ni yeye? Kwa mkono. Hata pale asipoweka jina, herufi zake zina mguu mmoja mrefu unaoburuzika chini ya mstari, na ule mstari wa nje anaupiga mara moja tu harudii, unaanza mwembamba halafu unanenepa taratibu mpaka mwisho. Aliyewahi kushika kopo la spreyi anajua hiyo sio kazi ya kitoto, ukirudi nyuma rangi inatawanyika, ukisogea karibu ukazubaa inachuruzika, kwa hiyo unene wote unautafuta kwa umbali na spidi ya mkono, pamoja na kile kichwa cha kopo cha kubonyeza, kuna vya mstari mwembamba na vya mnene. Jamaa hana michuruziko, labda ile anayoitaka mwenyewe.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba unaweza kumsoma kwa miaka. Rangi za spreyi hazizeeki sawa juani, nyekundu nyingi zinapauka mapema, nyeusi inang'ang'ania, kwa hiyo kazi zake za zamani zimebaki mifupa, mstari mweusi na ndani kumefifia huoni vizuri ilikuwa rangi gani. Hizo za mwanzo ni jina tu, haraka haraka, herufi za mwisho zimebanana maana ukuta ulimwishia. Zinazofuata ameanza kujaza ndani, rangi mbili, bado anahangaika na kivuli, herufi hii kinaangukia kulia nyingine kushoto. Halafu ghafla unafika chini ya daraja unakuta ukuta mzima, kivuli kimetulia upande mmoja, na katikati ya herufi kuna nyuso za watu ambazo huzioni mpaka usimame. Nilisimama sana pale. Harusi za miaka hiyo nimeziona kwenye picha, misiba nimepokea kwa simu, kila kitu nasimuliwa, "ulikuwa hujui? hukuwepo wewe", ila huyu mtu ameacha miaka yake yote nje kwa mpangilio na naipitia mwenyewe bila msimuliaji.

Mdogo wangu ananiambia kaka huo ni uhuni tu, mtu kapaka geti lake kwa hela yake asubuhi anaamka limeandikwa. Kwenye geti namuunga mkono, hata mi ningekasirika. Ila mchoraji wetu naona mageti na nyumba za watu anaziruka, anapenda nguzo za madaraja, kuta za kuzuia udongo, majengo yaliyotelekezwa, tena karibu zote zipo upande ule ambao abiria anayesubiri gari anautazama. Nikamkumbuka TAKI 183 wa New York, yule kijana aliyekuwa mpeleka mizigo na barua, kila kazi ilipomfikisha anaandika jina lake na namba ya mtaa wake, mpaka mwaka 1971 gazeti la New York Times likamwandika. Nahisi na huyu wetu anafuata njia zake za kila siku, ukiunganisha kuta zake unapata kama ruti ya daladala.

Ipo moja siipendi na naisema. Ukuta mkubwa karibu na maofisi, hapo wazi alialikwa na akalipwa, rangi zimenyooka, kuna kauli mbiu juu, na ule mguu mrefu wa herufi umekatwa ili maandishi yatoshe. Safi sana, haina mtu ndani. Lakini hiyo ndo itaishi, zile nzuri zinapakwa kijivu, tena kijivu kisichofanana na ukuta, unabaki na kiraka kinachoonyesha kabisa hapa palikuwa na kitu. Hata huko kwenye majina makubwa hawajapona, jengo la 5Pointz kule Queens, New York, lililokuwa limejaa grafiti za wachoraji wengi, mwenye jengo alilipaka rangi nyeupe usiku mmoja Novemba 2013, wachoraji wakaenda mahakamani na mwaka 2018 jaji akaamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.7. Hela wamepewa, michoro haikurudi.

Kwa hiyo napiga picha tu, asubuhi jua likiwa bado upande maana mchana rangi zote zinakuwa bapa, na napiga moja ya mbali ionyeshe ukuta na mtaa, sio herufi peke yake. Ule wa chini ya daraja washaanza kuweka mabati ya ujenzi. Kama kuna mtu hapa aliupiga picha kabla haujafika ulipofika, hasa ule upande wa kushoto ambao sasa hivi umezibwa, naomba anirushie inbox.