Siku moja gereji Mtwara: Land Cruiser iliyogoma kutoka fowili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua gereji. Kufagia, kupanga spana, chai na chapati za mama jirani, breki za bajaji, oili ya Noah. Mpaka saa tatu hayo yote yamekwisha.

Saa tatu na robo ikaingia Land Cruiser pikapu, imetoka Msimbati, mchanga umejaa mpaka kwenye chesisi. Dereva akashuka amekunja uso.

"Fundi, transfa imekufa. Kigia cha fowili hakitoki. Nimeshaambiwa ishushwe ifunguliwe, na bosi anataka gari saa sita."

"Pole na safari, kaka. Tuipime kwanza."

"Unapima nini wakati nimekwambia imekufa?"

Kushusha transfa, boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, ni kazi ya siku nzima, ukiwa umelala chini, oili inakudondokea usoni. Siishushi kwa kuambiwa. Nikamwuliza kigia, kile kidogo cha kuingiza fowili ili matairi yote manne yavute, alikiingiza wapi. Mchangani. Alipofika kwenye lami alikitoa? Hapana, alikuja nacho hivyo hivyo mpaka mjini.

Fowili ya namna hii haina difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiingiza, propela, yaani shafti ya kupeleka nguvu, ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa. Lakini gari likikata kona, matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani tairi linateleza kidogo, mambo yanajisawazisha. Kwenye lami kavu halitelezi, basi msokoto unabaki kwenye shafti na kubana gia ndani ya transfa. Hapo hata uvute kigia kwa mikono miwili, hakitoki.

Dogo akaweka magogo kwenye matairi ya nyuma, nikapiga jeki upande mmoja wa mbele, polepole. Tairi lilipoachana na ardhi likajizungusha lenyewe kwa kishindo. Nikaingia ndani, kigia kikarudi H2, yaani matairi ya nyuma tu ndiyo yanavuta. Dereva akaniangalia.

"Kumbe hamna kitu! Sasa hapo unanidai nini?"

Tukabishana mpaka jua likawa kali. Yeye anahesabu dakika, mimi nahesabu transfa nzima iliyonusurika. Mara bosi wake anapiga simu, mara ananipa niongee naye, mara anainyang'anya. Inachosha kuliko kulala chini ya gari. Na bado sikuwa nimemaliza, kwa sababu kigia kilikuwa kinatoka, ila kizito mno, na hilo msokoto haulielezi.

Nikazama chini. Nikafungua fimbo inayounganisha kigia na transfa, nikausukuma mkono wa transfa wenyewe: ukaenda mbele na nyuma vizuri kabisa. Kwa hiyo ndani ya transfa hamna ubovu, ubovu uko nje. Na kweli, bushi na pini za maungio zilikuwa zimeganda kutu na mchanga wa chumvi. Nikazichomoa, brashi ya waya, msasa, grisi mpya. Bushi moja ilikuwa imeliwa upande mmoja, dogo akaifuata dukani akakawia sana, sijui saa ngapi ilikuwa.

Nikiwa huko huko nikafungua nati ya kujazia oili ya transfa. Ya kujazia kwanza, ya kumwagia baadaye. Ukimwaga halafu ya juu ikagoma, gari limelala hapo. Oili ilikuwa kwenye mdomo wa tundu, yaani imetosha, na safi. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji ya bahari yameingia.

Nikiwa nafuta mikono nikaona matairi ya mbele mapya, ya nyuma yamekwisha kashata. Nikazungusha futi ya kamba: mzunguko hautoshani. Hivyo hata akienda moja kwa moja ndani ya fowili, msokoto unajijenga. Nikamwita aje aone kwa macho yake.

Safari hii alichuchumaa, akasikiliza. Nikamwambia: ukifika lami, toa. Ikigoma, nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, jaribu tena. L4, fowili ya gia nzito, ingiza gari likiwa limesimama. Na kila mwezi iingize kidogo kwenye vumbi, maungio yasigande.

Bosi akapiga tena. Dereva akamwambia, "Transfa nzima, mzee. Tatizo ni matairi." Akanilipa nusu mkononi, nusu ikaingia kwenye simu baada ya magharibi, wakati nimeshaanza kuhangaika na stata ya Fuso ya korosho kutoka Newala.