Friza ya shangazi imegeuka kabati

Jumapili nilikuwa kwa shangazi huko Magu, upande wa ziwani, nikakuta ile friza aliyoinunua kwa mkopo wa vikoba imechomolewa, kaifunika kitambaa cha kufuma na juu kaweka redio. Nikamuuliza shangazi imekufa? Akacheka, "Haijafa ng'wanawane, nimeipumzisha."

Kisa chenyewe sasa. Kabla ya nguzo kufika, sangara wake walilala kwenye barafu inayotoka Mwanza mjini na hiace, kwenye kiroba kilichojazwa maranda ya mbao, mpaka ifike nusu imeshakuwa maji na abiria wa siti ya nyuma wamelowa miguu wanatukana. Na mchuuzi anajua, hana haraka, anasubiri saa nane mchana jua likiwaka ndo anakuja kutaja bei, utakataa uwapeleke wapi samaki? Kwahiyo umeme ulipoingia, kuunganishiwa shilingi 27,000 tu, tukasema huyo mchuuzi leo kapatikana.

Kumbe bado. Ile bei ya nafuu, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, ni ya nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Balbu nne, redio na kuchaji simu hazifiki huko hata ukeshe. Friza kubwa ya samaki inafika bila shida, na ukivuka unahamia bei ya kawaida, 292 kabla ya kodi, karibu mara tatu. Siku shangazi kanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi akapata yuniti 28 akajua kaibiwa, akarudi kwa muuzaji kugomba.

Yani umeme upo ila ni wa kuwashia taa, ukitaka kutafutia hela unaitwa tajiri. Bwawa la umeme la Nyerere limejengwa la megawati 2,115, sawa, nalipongeza, ila mimi ningeanza na mashine moja ya barafu hapo mwaloni wanaposhushia samaki, ya kikundi, kila mtu anunue yake kwa kilo. Mbona vijana wa dagaa walishaachana na karabai, wanakodi taa za betri zinazochajiwa kwa sola hapohapo ufukweni, na mwenye kuchaji anajenga.

Naondoka shangazi kanifungia sato wawili kwenye mfuko, na barafu juu. Ya hiace.