Nyatiti ndani ya kompyuta: kuingiza sampuli bila kuiharibu tyuni yake

Ukiburuta rekodi ya nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, na kuiangusha ndani ya sampla (programu ya kupiga sauti zilizorekodiwa, yaani sampuli, kwa kinanda) au sinthesaiza ya kompyuta, mara nyingi programu hujiamulia mambo mawili ambayo hukuiambia: kwamba sauti hiyo ni noti namba 60 (kwa hesabu ya MIDI, ambayo kila kitufe cha kinanda kina namba yake), na kwamba noti zote zimepangwa kwa hatua sawa za senti 100 kama za piano (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni). Nyatiti haikukazwa hivyo. Mpigaji hukaza nyuzi zake nane kwa sikio, kufuatana na sauti atakayoimbia. Ukiiachia programu ipange yenyewe, kinachotoka ni gita la watoto. Njia ninayoipendelea ni moja: kila uzi upewe kitufe chake peke yake, usivutwe juu wala chini.

Kabla ya maiki, patana na mpigaji. Mwambie wazi kama sampuli ni za wimbo mmoja au ni pakiti utakayouza, na malipo yajulikane kabla ya uzi wa kwanza kupigwa.

Rekodi kwa 48000 Hz, biti 24, mono, faili za WAV. Maiki ikae kama sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, imeelekezwa pembeni kidogo ili ichukue pia ule mvumo wa nyuzi juu ya daraja. Kilele cha sauti kiwe kati ya -12 na -6 dB. Laptopu itumie betri, kwa sababu chaja mbovu huleta mngurumo wa 50 Hz ambao hautoki kirahisi. Chumba cha mabati kiepuke saa za mvua, na ukiwa karibu na ziwa, usiku una vyura. Alfajiri kabla boda boda hazijaanza ndiyo saa nzuri zaidi Kisumu. Usikubali kutumiwa rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp: sauti hubanwa, na kilichobanwa hakirudi. MP3 nayo huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, kwa hiyo kila noti huchelewa na kila kitanzi hukwaruza.

Mpigaji avue gara na oduong'o kwanza. Njuga za mguuni na pete ya kidole gumba cha mguu ni midundo inayojitegemea. Zikiingia ndani ya sampuli ya uzi, utasikia pete ikigonga kila unapobonyeza noti, hata pale ambapo hakuna mpigaji angeigonga. Zirekodi baadaye na uzipe vitufe vyao.

Kila uzi upigwe kwa nguvu tatu (taratibu, wastani, kwa nguvu), na kila nguvu mara nne. Hizo ni faili 96. Kwa sekunde 4 kila moja, mono ya biti 24 kwa 48000 Hz hula baiti 144,000 kwa sekunde, kwa hiyo seti nzima ni kama MB 55. Hata laptopu kuukuu hubeba. Zile nne za marudio usizipuuze, maana sikio hutambua upesi sauti ileile ikirudiwa, hasa kwenye mapigo ya haraka. Nyuzi nyingine ziachwe huru wakati wa kupiga, kwa sababu huitikia na kuipa sauti mwili wake. Halafu chukua pigo moja la ziada kwa kila uzi, nyingine zikiwa zimezibwa kwa kitambaa. Hilo ni la kupimia tu.

Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata kila pigo karibu kabisa na mwanzo wake; kimya cha milisekunde 20 kinatosha kumfanya mpiga kinanda ahisi amechelewa. Bonyeza Z ili ncha za ulichochagua ziangukie pale wimbi linapokata sifuri, vinginevyo utasikia "tik". Mwisho wa sauti uache ufe wenyewe, kisha ufifishe milisekunde 50 za mwisho. Usisawazishe kiwango cha faili moja moja. Ukifanya hivyo, pigo la taratibu linakuwa na kelele sawa na pigo la nguvu, na ile kazi ya nguvu tatu imepotea. Kama sauti ni ndogo, pandisha faili zote kwa kiasi kilekile.

Sasa kipimo. Fungua lile pigo la kitambaa, chagua sehemu baada ya mshindo wa kwanza, na utumie Plot Spectrum (mchoro wa Audacity unaoonyesha Hz zilizomo ndani ya sauti) yenye ukubwa wa 65536. Kwa 48000 Hz ukubwa huo unahitaji karibu sekunde 1.4 za sauti. Ukiwa na 16384 hatua za kipimo ni karibu Hz 3 kila moja, na kwenye noti ya chini hizo ni senti nyingi. Usichukue kilele kirefu zaidi bila kufikiri. Nyatiti huvuma sana, na mara nyingine haramoniki ya pili (yenye Hz mara mbili ya msingi) huwa kubwa kuliko sauti ya msingi. Ukiona vilele kwenye 203, 406 na 609, msingi ni 203.

Namba ya noti hupatikana hivi: 69 + 12 × log2(Hz ÷ 440). Kwa Hz 203 jibu ni 55.61, yaani noti 56 iliyoshuka senti 39. Hapo ndipo programu zinazojipimia hukosea: huona 56, huona upungufu, na "kurekebisha". Zima kurekebisha huko popote unapokuona.

Mimi huandika faili ya SFZ, yaani maandishi ya kawaida yanayoieleza sampla kila sampuli ikae kitufe gani, kwa mkono na kuifungua kwa sforzando, sampla ya bure. Uzi mmoja huonekana hivi:

<control> default_path=sampuli/
<global> amp_veltrack=30 ampeg_release=0.6
<group> lokey=56 hikey=56 pitch_keycenter=56 seq_length=4
<region> sample=ny_5_1_1.wav lovel=1 hivel=50 seq_position=1
<region> sample=ny_5_1_2.wav lovel=1 hivel=50 seq_position=2

Namba za jina la faili ni uzi, nguvu na marudio; lovel na hivel ni mipaka ya nguvu ya kubonyeza kitufe, na seq_position ni zamu ya kila marudio. Unaendelea hivyo hadi marudio manne yaishe, kisha nguvu ya wastani kuanzia 51 hadi 95, na ya mwisho 96 hadi 127. Jambo la kushika hapa ni pitch_keycenter. Ikilingana na kitufe, sauti hutoka kama ilivyorekodiwa, na zile senti 39 hubaki mahali pake. Ukiisahau, programu hutumia 60, na uzi wako wa kitufe 56 utashuka nusu-toni nne. Kwa sababu hiyohiyo unaweza kuzipanga nyuzi nane kwenye vitufe vyeupe vinane vinavyofuatana: badilisha namba zote tatu pamoja, na tyuni haitaguswa.

amp_veltrack nimeishusha hadi 30 kwa kuwa tofauti ya nguvu tayari imo ndani ya rekodi. Ikiachwa kwenye 100, mapigo ya taratibu hufifia mno. ampeg_release ya sekunde 0.6 huzuia uzi kukatwa ghafla kidole kinapoinuka.

Je, nyatiti ikikutana na gita au besi kwenye wimbo? Sogeza chombo kizima, usisogeze uzi mmoja mmoja. Chagua uzi ambao wimbo hutulia juu yake, na uweke tune yake kwenye <global>: katika mfano wetu, tune=39. Nyuzi zote hupanda pamoja na nafasi kati yake hubaki zilezile. Bora zaidi, kama mpiga gita yupo studio, akaze gita lake lifuate nyatiti.

Majina ya noti yana mtego. Noti 60 huitwa C4 kwenye SFZ, C3 kwenye Ableton Live, na C5 kwenye FL Studio. Ndiyo maana pakiti ya mwenzako husikika oktavu moja juu au chini. Andika namba tu.

Ngoma za isukuti kutoka Kakamega ni rahisi zaidi: loop_mode=one_shot ili pigo lisikike hadi mwisho, na pitch_keytrack=0 ili sauti isipande wala kushuka kama pigo moja limetandazwa kwenye vitufe kadhaa. Pigo la wazi lipewe group=1 off_by=2 na la kuzibwa group=2, ili mkono unaoziba ukate mvumo wa pigo lililotangulia.

Orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, kwa sababu upinde wake hutoa sauti ndefu, inakubali Vital, ambayo ni sinthesaiza ya kompyuta. Ukiangusha rekodi juu ya oskileta (sehemu inayozalisha sauti) chagua Pitch Splice, si Wavetable. Fremu moja ya Vital ina nukta 2048, na Wavetable huikata rekodi bila kujali mzunguko wa wimbi unaanzia wapi. Matokeo ni mkwaruzo. Kile kichezeshi cha sampuli cha Vital hubeba faili moja tu, kwa hiyo nyuzi nane hazitoshei humo.

Chombo kisipofunguka, anza na jina la faili. Notepad hupenda kuhifadhi nyatiti.sfz.txt huku Windows ikificha hiyo .txt; washa maonyesho ya viendelezi. Tumia mkwaju wa mbele (/) kwenye njia za folda, na herufi ndogo kila mahali, kwani Linux hutofautisha Ny na ny. Vitufe vyote vikiwa juu kwa karibu nusu-toni moja na nusu, faili za 44100 Hz zinasomwa kama 48000: tofauti hiyo ni senti 147. Zibadilishe kwa kuzihifadhi upya kwa 48000 Hz halisi, si kwa kubadilisha namba ya kasi kwenye treki. Na unapompelekea mtu kwa flashi, nakili faili ya .sfz pamoja na folda ya sampuli kando yake, kama zilivyo.