Maji Makuu ya Mida

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Maskati, na mwaka 2018 alipata likizo kazini katikati ya Desemba. Akanitumia ujumbe: anakuja Mombasa, na safari hii kabla ya kuzungushwa kwa jamaa anataka siku chache za kutazama ndege, mimi ndiye nipange. Tarehe alishazichagua mwenyewe, 14 hadi 18. Mahali nilipachagua mimi bila kufikiri mara mbili: msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, mkono wa bahari ulio baina ya Gede na Watamu. Sijui sehemu nyingine ya pwani yetu ambapo asubuhi unaweza kuwa chini ya miti ya mrihi ukitafuta ndege wasiopatikana nchi nyingine, na alasiri ukawa kwenye tope la bahari mbele ya ndege waliotoka Siberia.

Nilikwenda na daftari langu kwa Ami, ndugu wa baba yangu, Mtwapa. Ami alivua samaki maisha yake yote mpaka magoti yakamkatalia, na tulikuwa tumekubaliana kwamba naye atakuja. Nikamsomea mpango wote: nauli ya matatu, vyumba, ada ya msitu, malipo ya kiongozi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja.

"Mwezi utakuwa wa ngapi?"

Sikujua. Akainuka akaiendea kalenda ya msikiti iliyotundikwa ukutani, akashuka na kidole mpaka Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani.

"Mwezi 6 hadi mwezi 10. Maji mafu hayo, mwanangu. Mwaenda kutazama tope."

Ami hakuwahi kushika darubini, lakini Mida aliijua tangu ujana wake, na alinieleza kwa utaratibu ambao sikuupata katika kitabu changu cha ndege. Maji yakiwa mafu hayajai sana wala hayapwi sana. Sehemu kubwa ya tope hubaki wazi kutwa, na ndege wametawanyika humo, kila mmoja mbali na mwenzake, mbali nawe pia. Bamvua, ya mwezi mchanga na ya mwezi mpevu, ni jambo jingine. Maji makuu huingia kwa nguvu na kulifunika tope kutoka nje kuja ndani, na ndege hawana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka wote wakutane kwenye kipande cha mwisho kando ya mikoko. Ukiwa umekaa hapo mapema, maji ndiyo yanayokuletea ndege.

"Ndege hafuati saa yako," alisema. "Afuata kaa, na kaa afuata maji."

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu ya saa. Kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mwendo wa saa kumi alasiri. Yakiwa mafu mambo hugeuka: yanajaa asubuhi, saa zile zile unazotaka kuwa msituni. Kwa hiyo tukihamia mwezi 14, yaani tarehe 22, siku yote ingekaa sawa: alfajiri msituni, adhuhuri mapumziko kwa ajili ya magoti ya Ami, na kuanzia saa nane tuko Mida tukingoja maji. Tangu siku hiyo sijapanga safari ya ndege wa pwani kwa kuanza na nauli. Naanza na mwezi, kisha mfuko ujitahidi kufuata.

Nikampigia ndugu yangu simu pale pale. Kubadilisha tiketi kungemgharimu, akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba Barr al Hikman, huko Oman, aliwahi kusimama mbele ya tope lililojaa ndege kwa maelfu asiweze kumtambua hata mmoja, walivyokuwa mbali. "Mwambie mjomba nabadilisha."

Tarehe mpya zilileta shida ya Krismasi, maana Watamu hujaa wageni na bei hupanda. Nikatafuta Gede badala ya ufukweni, na tukapata vyumba viwili katika nyumba ya familia, karibu na kituo cha msitu wanakopatikana viongozi. Pia ilibidi kuacha ndege fulani, na hilo liliniuma. Yuko mmoja mwenye kifua cha madoadoa ambaye huja msituni kutoka kusini wakati wa kusi, na wako wale wa Bukini, yaani Madagaska, wanaotua kwenye mlango wa mto Sabaki miezi hiyo hiyo. Sisi tulikuwa tunakwenda na kaskazi. Niliwafuta kwenye daftari nikabaki na waliokuwepo: mnana wa Kilifi, ambaye viota vyake havikujulikana na wataalamu mpaka mwaka 2013 vilipoonekana kwenye msitu wa Dakatcha, chozi wa Amani, na bundi mdogo wa Sokoke.

Kwa huyo bundi Mama alikataa katakata. "Bundi akilia juu ya paa twamfukuza. Nyinyi mwenda kumlipia mtu awaonyeshe?" Nikamwambia kwamba huyu ni mdogo, kimo chake kama kiganja cha mkono na vidole vyake, na kwamba wataalamu walimfahamu kwa mara ya kwanza hapo hapo Sokoke miaka ya 1960. Mbali na msitu huo, makao yake yanayojulikana ni machache sana, yakiwemo yale ya chini ya milima ya Usambara. Hakuridhika, ila asubuhi ya safari alitufungia mahamri ya kutosha watu kumi.

Tarehe 22, saa nane, tulikuwa kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ya Mida. Ada ya daraja hilo huchangia karo za watoto wa sekondari wanaotoka vijiji vinavyopakana na msitu, na niliilipa kwa moyo mweupe. Mwanzoni palikuwa na vitwitwi wachache kwa mbali na membe juu. Ami aliketi kwenye benchi, mkono juu ya bakora, akitazama maji tu. "Mlango wa hori hii ni mwembamba," alisema, "yatachelewa kidogo."

Yakaja. Kwanza waliletwa vitwitwi, makundi kwa makundi, kisha sululu wa midomo iliyopinda, na nyuma yao ndege ambao ndugu yangu alitamani kuwaona kuliko wote, wanaoitwa crab plover kwa Kiingereza: weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, miguu mirefu ya kijivu. Kila maji yaliposogea nao walisogea, mpaka hatukuhitaji darubini tena.

Katikati yao mlikuwa na mmoja wa rangi ya kijivu, mkubwa kama wenzake, akimfuata mzazi wake huku akipiga mluzi wa kuomba. Mzazi akamkamata kaa, akamwachia.

"Mkubwa hivyo na bado alishwa?" Ami aliuliza.

Ndugu yangu akamweleza kwamba ndege hawa huzaliana huko kwao, kwenye visiwa vya mchanga vya Oman na pwani nyingine za Ghuba. Huchimba shimo refu ndani ya mchanga, hutaga yai moja tu, na kinda huruka na wazazi mpaka huku, huku wakiendelea kumlisha kwa miezi.

"Shimoni? Ndege wa pwani?"

"Shimoni, Mjomba. Joto la juu lingeliua yai."

Ami akamwita akae karibu naye kwenye benchi. Alitaka kujua shimo lina urefu gani, nani huchimba, dume au jike, na hutoka Oman mwezi wa ngapi, na maswali hayo hayakuisha mpaka maji yakaanza kupwa.